Tanbihi ya Kumi na Saba

Kibarani, Kilifi
Jumapili, 4 Mei 1986

Kaka Kaingu,

Hili sijamwambia mtu, na wewe nakuambia kwa sababu uko Nairobi na huwezi kuniangalia usoni: nimelifungua sanduku la Baba. Shikamoo, kaka. Salamu ningezitanguliza kama tulivyofunzwa, lakini nikianza na salamu najijua, nitaishia na salamu.

Leo asubuhi nilijifanya nina homa. Nilijibandika kitambaa cha maji ya moto kwenye paji la uso kabla Baba hajaja kunishika. Akasema, "Lala, mwanangu, nitakuombea huko huko kanisani." Akaenda kuniombea, nami nikaenda kwenye koti lake kuukuu na kuufumua ufunguo kutoka kwenye pindo alikoushonea. Mama bado yuko Rabai anamuuguza nyanya, kwa hiyo nyumbani nilikuwa peke yangu. Nimeshaushona tena. Uzi niliutafuta rangi ile ile.

Ni wewe uliyenitia wasiwasi. Ulipoandika wakati wa Pasaka kwamba unatunga makala ya jarida lenu la sheria kuhusu mashamba ya Junju, ukasema nimuulize Baba anakumbuka nini tangu alipokuwa karani wa chifu, nilimuuliza akinywa chai. Akasema, "Junju kuna nini? Kuna mihogo." Ile chai hakuimaliza. Baba, ambaye huzungusha kikombe aipate hata sukari ya chini! Tangu siku hiyo namtazama kwa pembeni, na naona aibu kumtazama hivyo.

Sandukuni mna vyeti, mna picha ya Mama alipokuwa mwembamba, na chini kabisa, ndani ya gazeti, mna karatasi moja iliyopigwa taipu. Ni barua kwa Ofisa wa Ardhi, kupitia ofisi ya chifu. Watu wa Junju wanasema wanapinga kampuni kuandikiwa ardhi wanayolima. Chini kuna alama za dole gumba kumi na mbili, za wino wa zambarau. Ya nne ni ya Hawe Mapenzi, yule nyanya aliyekuwa akituchomea mahindi. Kuna mhuri: IMEPOKELEWA, 12 Agosti 1974. Kando ya mhuri kuna sahihi ya Baba.

Niifanyeje? Mungu anisamehe ile homa.

Mdogo wako,
Nyevu

*

Nairobi
13 Mei 1986

Nyevu,

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama.

Hebu nikueleze kazi yetu ujue ulichokifanya. Chumba cha jarida kina taipureta mbili, moja haina herufi R, na wahariri wanane ambao hakuna hata mmoja aliyehitimu. Wanafunzi watupu. Lakini mahakimu hutusoma, kwa sababu ya amri moja tuliyojiwekea: hakuna sentensi inayopita bila tanbihi, yale maelezo madogo chini ya ukurasa yanayosema jambo limetoka wapi. Na kila tanbihi huhakikiwa na mhariri mwingine, si yule aliyeiandika.

Kitabu cha kikao cha ardhi cha 1974 kimeandika maneno mawili: "Hakuna aliyepinga." Kwa maneno hayo kampuni ikapewa hati. Karatasi yako inasema walipinga. Hiyo itakuwa tanbihi yangu ya kumi na saba. Nitaandika: "Nakala ya pingamizi, iko kwa mtu binafsi, Kilifi." Nakala, Nyevu. Jina la Baba halitatajwa.

Niandikie maneno yake yote, neno kwa neno, kisha irudishe. Barua zetu zipitie sanduku la posta la Mzee Awadh wa dukani. Baba asijue.

Kakako,
Kaingu

*

Nairobi
2 Juni 1986

Kwa Dada Nyevu Baya,

Salamu. Hunifahamu. Jina langu ni Thuku, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sheria na mhariri wa jarida. Nimepewa kuhakiki tanbihi ya kumi na saba katika makala ya kakako. Kwa kanuni yetu, mwandishi haruhusiwi kuwasiliana na shahidi wa tanbihi yake mpaka uhakiki umalizike. Ndiyo sababu unapata barua yangu, si yake.

Naomba unijibu: tarehe ya mhuri ni ipi hasa? Vidole ni vingapi? Sahihi iliyo kando ya mhuri ni ya nani? Je, karatasi uliyoiona ni yenyewe au ni nakala?

Samahani kwa Kiswahili changu. Kimetoka Murang'a kwa miguu.

Wako mwaminifu,
Thuku

*

Kibarani
9 Juni 1986

Bwana Thuku,

Sijui karatasi yoyote.

Lakini kwa kuwa nimefunzwa kujibu barua, nakujibu. Bahasha yako ilifika imefunguliwa na kufungwa tena, kwa gundi ya aina mbili. Hata Mzee Awadh aliligundua hilo. Alinipa mbele ya watu, akasema, "Nyevu binti Baya, barua ya Nairobi! Bahasha imenuna kama bi harusi. Mkwe huyu mbona hatujamwona?" Watu wa barazani wakacheka, nami nikatoka na kusahau sukari niliyotumwa.

Kaka yangu hajaniandikia kwa wiki tatu. Huku watu wanasema siku hizi wanafunzi wanachukuliwa vyumbani mwao, na barua zao zinajibiwa na watu wengine. Wewe umelijua jina langu, umelijua duka, umejua kuna karatasi. Maswali yako ni ya mtu anayejua jibu na anataka tu mwingine alitie sahihi.

Kama kweli unakaa naye chumba kimoja cha kazi, niambie: Kaingu akikasirika hufanya nini?

Nyevu Baya

*

Nairobi
16 Juni 1986

Dada Nyevu,

Huchonga penseli. Huchonga mpaka ziwe fupi kama njugu, kisha hutuomba zetu. Sasa hivi hatuna penseli.

Bahasha niliifungua mimi. Niliifunga, nikaona karatasi imebaki mezani, nikaifungua kwa mvuke wa birika na kuifunga upya kwa ile gundi tunayobandikia kurasa za jarida. Wenzangu walinicheka. Hukufanya kosa kunishuku. Mimi pia siamini mpaka nione, na ndiyo kazi niliyopewa.

Sasa nikueleze kwa nini nauliza yenyewe au nakala. Kama ni nakala, basi yenyewe ilifika kwa Ofisa wa Ardhi, naye akaandika uongo kwamba hakuna aliyepinga. Makala inamshutumu yeye. Kama ni yenyewe, basi haikutoka ofisi ya chifu, na Ofisa aliandika alichokiona. Ni makosa mawili ya watu wawili. Tukikosea, tunamsingizia mtu. Yule Ofisa ni mzee sasa, bado yuko hai.

Tena, watu wa Junju wana kesi tarehe 28 Julai. Wakili wao, Bwana Gona wa Mombasa, anasema nakala kampuni itaiita karatasi iliyopigwa juzi. Yenyewe, yenye vidole, hawataweza kuisema hivyo. Wakishindwa, nyumba zao zinavunjwa.

Jaribu hivi: geuza karatasi, pitisha kidole nyuma yake. Taipureta hutoboa kwenye nukta. Karatasi ya juu hukwaruza. Nakala ya kaboni ni laini.

Thuku

*

Nairobi
17 Juni 1986

Nyevu,

Barua hii nimempa mtu anayekuja Malindi akutie mkononi, kwa kuwa hainipasi kukuandikia. Ukishaisoma ichome.

Mwambie Thuku ni nakala. Neno moja tu. Usiongeze wala usieleze. Yeye ni mtu mwema lakini ni mtu wa kuchokoa, atachokoa mpaka afike mfupani. Wewe ulinitajia vidole vya zambarau, na mimi nilikujibu "nakala". Nilidhani umenielewa.

Kaingu

*

Kibarani
Jumapili, 29 Juni 1986

Kaka,

Sikuichoma. Nimeitia ndani ya kitabu cha jiografia, ninakofichia kila kitu siku hizi.

Jana nilivuka kivuko nikaenda Junju. Nilimwambia Baba naenda kusoma na rafiki yangu Kibibi. Sasa nasema uongo bila hata kuutafuta. Hawe Mapenzi yuko vile vile, mdogo kidogo tu. Ukutani kwake kampuni imeandika nambari kwa rangi nyekundu: 4. Ameipaka matope juu, nao wamekuja wakaiandika tena.

Akaniuliza, "Wewe ndiwe yule wa mwisho wa Baya? Mwenye kuogopa kuku?"

Nikasema, "Ndimi, Hawe. Bado nawaogopa."

"Basi keti huku, huyo jogoo ana kiburi." Akanipa uji. Nikamuuliza kuhusu ile barua. Hakukwepa kama Baba. Alisema, "Babako aliipiga kwa mashine yake, ta-ta-ta, akatushika mikono mmoja mmoja akatubonyezesha kwenye wino. Mkono wake ulikuwa na adabu. Kila Jumatatu tulikwenda kumuuliza. Akatwambia imekwenda, akina mama, imekwenda, tulieni. Tukatulia. Siku ya kikao hakuna aliyepiga kelele, maana si tumeshaandika? Watu walioandika hawapigi kelele."

Kaka, kile kitabu kinasema hakuna aliyepinga. Walikaa kimya kwa sababu walimwamini Baba!

Leo Baba alipokwenda kanisani sikujifanya mgonjwa. Nilisema tu siendi. Alichukua Biblia yake, akaenda. Nikaitoa ile karatasi na kuigeuza. Inakwaruza. Kila nukta imetoboka. Nililowesha kidole nikagusa ukingo wa alama ya Hawe Mapenzi, kidogo sana, zambarau ikatoka.

Na katika gazeti lile lile mlikuwa na barua nyingine ambayo mara ya kwanza sikuifunua. Ni ya kampuni. Inampa Baba kiwanja hiki cha Kibarani, hiki tunachokaa, "kwa ushirikiano wake." Tarehe yake ni 3 Septemba 1974. Wiki tatu baada ya mhuri.

Hapa nilipokulia, Kaingu. Chumba ulichosomea mpaka ukaingia chuo kikuu.

Wewe ulijua tangu lini? Usinijibu kama wakili.

Nyevu

*

Nairobi
4 Julai 1986

Nyevu,

Tangu darasa la sita. Nilimwona akiifunga ndani ya gazeti. Aliniona nikimwona. Akanipa senti hamsini ninunue mabuyu, na sikuwa nimeomba.

Ndiyo, nilikutuma sandukuni bila kukuambia nimekutuma. Nilijua nikikutajia Junju utamuuliza, na ukimuuliza utamshuku, na ukimshuku hutalala. Nakujua. Nilitaka watu wa Junju warudishiwe ardhi yao bila Baba kuvuliwa nguo. Nilidhani sheria ina uwazi mwembamba wa kupitia hapo katikati. Nimeutafuta miaka mitatu.

Nimemwambia Thuku aifute tanbihi ya kumi na saba. Penseli zimekwisha kweli.

Kaingu

*

Nairobi
5 Julai 1986

Dada Nyevu,

Kakako amenitaka niifute tanbihi. Hakusema sababu na sikumuuliza, lakini mhakiki hahitaji kuambiwa yote.

Bila hiyo, makala itasema tu "wenyeji wanadai kwamba walipinga". Neno "wanadai" mahakamani ni kama moshi. Bwana Gona atasimama nalo tarehe 28 kwa sababu hatakuwa na jingine.

Kurasa zinakwenda kwa mpiga chapa Ijumaa, tarehe 18. Sitakulazimisha. Ukiniandikia "nakala", nitaandika nakala na kutia sahihi yangu kwamba nimehakiki. Ukinyamaza, nitafuta. Ukiniambia ni yenyewe, nitahitaji jina la aliyeipokea. Na hapo tuna kanuni nyingine, ya zamani kuliko sisi sote chumbani: anayetajwa kwa ubaya huandikiwa kwanza, asomewe kinachosemwa juu yake, apewe nafasi ya kujibu, na jibu lake huchapwa papo hapo chini ya jina lake. Hatujawahi kumtaja mtu nyuma ya mgongo wake.

Baba yangu pia ni karani. Sijui kwa nini nakuambia hili.

Thuku

*

Kibarani
Jumamosi, 12 Julai 1986

Ndugu Thuku,

Karatasi ni yenyewe. Nimeanza na hilo ili nisipate nafasi ya kuligeuza.

Nimejaribu kuandika "nakala" mara tatu, mara moja kwa Kiswahili na mara mbili kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza neno lilitoka upesi. Lugha ile nimeikuta shuleni, haijawahi kula nyumbani kwetu, haimjui Baba. Nikaona naweza kuitumia kusema uongo mzuri kabisa wenye nukta na mkato mahali pake. Nikazichana zote tatu.

Mhuri ni wa tarehe 12 Agosti 1974. Vidole ni kumi na viwili, kimoja kimeteleza kama mwenyewe alikuwa anapiga chafya. Nyuma inakwaruza. Aliyeipokea, akaipiga mhuri, akaandika sahihi yake na asiipeleke, ni karani Baya Dzombo. Ni baba yangu. Sababu yake imo katika barua ya pili, ya kampuni, nayo nimeinakili hapa nyuma ya ukurasa. Yule Ofisa wa Ardhi hakusema uongo. Mwambie Kaingu amwondolee lawama, hata kama inamuuma.

Pengine kwa jambo hili tutapoteza nyumba. Sijui sheria inasemaje juu ya kiwanja kilichopatikana hivyo, na sitaki uniambie katika barua. Jana nilifagia uani mara mbili.

Sasa kuhusu kanuni yenu. Tafadhali msimwandikie. Baba anafanya kazi barazani mwa posta, anapiga barua za watu wasiojua kuandika. Barua zake mwenyewe huzifungua pale pale, amesimama, wateja wakimtazama. Msimfanyie hivyo. Nimeona nifanye mimi. Nitampa barua hii aisome kabla sijaifunga, na atakalosema nitaliandika chini yake, kama mnavyofanya nyinyi.

Nimesema nitampa aisome. Kumwambia kwa mdomo siwezi. Nilijaribu jana akila, nikasema, "Baba," akasema, "Naam, mama," nami nikamuuliza kama samaki ana chumvi ya kutosha. Akasema samaki ni mzuri, kisha akasema, "Siku hizi unaniangalia kama askari." Alicheka. Mimi pia nilicheka. Hakuna aliyemaliza samaki.

Nilikuwa nimepanga kuiacha hapa mezani nikimbilie kwa Kibibi, niongoje huko mpaka magharibi. Lakini Hawe Mapenzi na wenzake kumi na mmoja waliiacha karatasi kwa mtu wakaondoka, na

Nasikia viatu vya Baba kokotoni. Leo amefunga mapema. Anaiweka mashine chini barazani, namsikia akipumua. Mkono wangu umekwenda wenyewe kwenye kitabu cha jiografia kuifunika karatasi. Nimeurudisha.

Baba, shikamoo. Umesimama nyuma yangu na mimi siwezi kugeuka, kwa hiyo nakuandikia. Kile kiti kingine nimekuvutia. Keti, usome tangu juu. Ukifika kwenye jina lako usinyamaze, Baba. Kalamu hii hapa, na nafasi nimekuachia.